Trela Haivuji Katikati ya Bati

Trela ya kulala haivuji katikati ya bati. Inavuja palipotobolewa, palipounganishwa na palipopigiliwa. Mengine yote ninayosimulia hapa ni namna ya kupunguza matundu, na namna ya kuyalinda yale usiyoweza kuyakwepa.

Nazungumzia zile nyumba ndogo za magurudumu ambazo Wamarekani huzifunga nyuma ya pikapu na kwenda nazo kambini: kitanda, jiko la gesi, sinki, pengine na choo, vyote ndani ya boksi moja. Mimi ni seremala wa Pangani niliyeangukia Elkhart, kaskazini mwa Indiana, na ukiangukia Elkhart ukiwa na mikono inayojua msumeno utajikuta kwenye trela tu. Asilimia 80 hivi ya nyumba za magurudumu zinazotengenezwa Amerika Kaskazini hutoka eneo hili. Ukitoka Elkhart kwenda Goshen unapita viwanja vimejaa trela mpya, nyeupe, zimepangwa zikisubiri kuvutwa kwenda kuuzwa. Wengi niliofanya nao kazi walikuwa Waamishi, watu wa dini ambao hawamiliki magari. Asubuhi wanafika kwa baiskeli au kwa gari la kukodi, halafu wanashinda wakijenga vitu vya kuvutwa na magari. Sijaacha kulishangaa hilo hadi leo.

Kiwandani tulilipwa kwa idadi. Laini ilianza jua halijachomoza, na trela za siku zikiisha mapema mnaondoka mapema. Hakuna aliyekukataza kufanya kazi safi, ila hakuna aliyekulipa kwa kuifanya taratibu. Mtu wa paa ana dakika zake, wa madirisha ana zake. Kama gundi ya kuziba haikushika upande mmoja kwa sababu paa lilikuwa na vumbi la msumeno, trela itatoka langoni kavu na kukaa kavu mwaka, pengine miwili. Kwa hiyo kule nilijifunza kujenga. Kujenga kitu kisichovuja nilijifunza baadaye, nilipohamia gereji ya matengenezo, ambako kazi kubwa ilikuwa kubomoa.

Chukua kona ya mbele ya trela ya kawaida yenye fremu ya mbao. Ukuta wa ubavuni umekutana na ukuta wa mbele, na juu ya maungio umepigiliwa ukanda wa alumini wenye skrubu kila baada ya inchi chache. Vichwa vya skrubu vimefichwa na utepe wa plastiki uliosukumizwa ndani ya mfereji mdogo wa ukanda huo. Jua likiupiga misimu mitatu minne, utepe unanywea na kuacha mwanya mwishoni. Maji yanaingia mferejini na kukaa juu ya skrubu. Skrubu zenyewe ni za chuma kilichopakwa zinki kidogo, zinashika kutu, na kutu inateremka na meno yake mpaka ndani ya mbao. Nikiuvuta ule utepe kwa koleo naona mstari wa kahawia toka juu hadi chini. Nikiingiza bisibisi, skrubu inazunguka bure, haikazi wala hailegei, mpaka naitoa kwa vidole. Nyuma ya ukanda kuna puti ya kijivu iliyokauka ikapasuka vipande, na nyuma ya puti kuna mbao ya inchi mbili kwa mbili inayochoteka kwa kijiko.

Mwenye trela amesimama pembeni, anaapa kwamba haijawahi kuvuja. Hasemi uongo, hajawahi kuona tone. Maji yalipita ndani ya ukuta, yakanywewa na ile pamba ya kioo ya kuzuia baridi, yakatulia kwenye mbao ya chini. Tone likionekana ndani ya chumba, ujue ukuta umeshashiba.

Wote tumelelewa na ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye trela nimewaona walioziba ufa na ukuta wakaujenga vilevile. Mtu anaona doa darini, anapanda juu na mkebe wa gundi, anapaka kila penye mashaka. Maji yaliyokwisha kuingia yanakosa pa kutokea, na mbao inaoza kwa kujifungia. Ubaya zaidi ni kwamba maji hayadondoki pale yalipoingia. Yanaweza kuingia kwenye tundu la antena mbele, yakasafiri juu ya dari kwa kufuata boriti, yakajitokeza juu ya kitanda nyuma. Gundi ya kupaka kwa kubahatisha huwa inanenepesha paa tu.

Zipo trela za aina nyingine, na kila aina ina namna yake ya kufa. Zile za kuta laini za kung'aa hutengenezwa kwa kubandika: fremu ya alumini, povu gumu katikati, plaiwudi nyembamba ya milimita 3, kisha ngozi ya faibaglasi, vyote vikagandishwa kwa gundi na kubanwa. Nyepesi, imara, na nzuri kutazama. Lakini ile plaiwudi ikinywa maji, gundi inaachia na ukuta unavimba tumbo. Hapo hakuna kupiga msumari. Ama unafungua ukuta mzima, ama unaishi na hilo tumbo.

Ninaziheshimu zile ndogo za mviringo zinazofinyangwa kwa faibaglasi vipande viwili, cha juu na cha chini, vikakutanishwa kiunoni. Boler zilianza Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, na Scamp zinatoka Backus, Minnesota, tangu miaka ya 1970. Bado ninakutana nazo barabarani na gamba lao la asili, wakati rika zao za mbao zilikwisha kuwa kuni. Sababu ni hesabu tu ya maungio. Kiungo kikubwa ni kimoja, nacho kimezunguka ubavuni, hakiko juu ya paa ambako maji husimama. Zikivuja zinavujia kwenye madirisha, kwenye tundu la hewa la paani, na kwenye zile riveti zinazopita gambani kushikilia makabati. Hata zile za alumini zinazong'aa za Airstream, zenye maelfu ya riveti, mara nyingi huumwa sakafuni: maji huteremka ndani ya gamba na kukutana na ukingo wa plaiwudi. Gamba linabaki zuri, na mguu wako unazama nyuma karibu na bampa.

Pale gereji tulikuwa na mzee mmoja wa Uvira aliyekuwa amekaa Indiana muda mrefu kuliko sisi wote. Siku moja nilikuwa juu ya paa nafunga antena mpya, nimejipanga na mikebe miwili ya gundi. Akanitazama kutoka chini.

“Ndugu yangu, unatoboa kwanza, kisha unatafuta gundi.”

“Sasa mzee, antena itakaaje bila skrubu?”

“Mwenye trela aliomba antena, ama aliomba televisheni?”

Nikashuka. Tulimfungia mteja antena ya mlingoti, ya kusimamisha kambini na kuishusha wakati wa kuondoka, ikabanwa kwenye chuma cha mbele cha kuvutia. Baada ya hapo, kila nikishika drili hulirudia swali la mzee: aliyeomba kitu hiki alikuwa anataka nini hasa?

Kabla sijaeleza nilivyojenga yangu, lazima niseme maji yanaingiaje, maana wengi hufikiria mvua ya kushuka tu. Trela ikivutwa kwa kilomita 100 kwa saa, upepo unaogonga ukuta wa mbele una nguvu ya kupandisha maji karibu sentimita 5 kwenye mwanya. Maungio ambayo yangehimili mvua ya mwezi mzima ukiwa umeegesha yanaweza kushindwa ndani ya saa moja ya barabara kuu. Kuna na joto. Bati la alumini la mita 6 likitoka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri likafika nyuzi 60 juani mwezi wa Julai hurefuka kama milimita 11, na chasisi ya chuma iliyo chini yake hurefuka nusu tu ya hapo. Huo mvutano hutokea kila mwaka, na sehemu yake hutokea kila siku. Gundi inayokauka ikawa ngumu itakatika, hata iwe ya bei gani. Kisha maji yaliyopenya yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi na kuupanua ule mwanya ulioyaingiza. Msimu ukigeuka, mwanya uliokuwa wa unywele unapitisha kadi ya simu.

Nilikulia chini ya paa la makuti, na paa la makuti halina gundi hata tone. Kuti la juu linalalia la chini, mteremko ni mkali, maji yanakosa pa kusimama, masika yanapita. Nilipochora trela yangu nilitaka hivyo: kwamba ukifuta gundi yote ya nje kwa fikra, maji bado yaanguke chini kwa sababu ya mlalo na mteremko. Gundi iwe mlinzi wa pili.

Nilinunua trela iliyooza kwa bei ya chuma chake, nikabomoa kila kitu nikabaki na chasisi. Nikaisugua kutu, nikapiga rangi, nikaweka ekseli mpya. Boksi lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, dogo kwa makusudi: kila mita ya ziada ni mita ya maungio. Kuta ni plaiwudi ya milimita 6 nje, povu gumu la milimita 38 katikati, plaiwudi ya milimita 3 ndani. Vipande vya mbao vimo ukutani pale tu ambapo kitu kitakuja kufungwa, na ramani yake ninayo, nimeichora kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati. Paa nimelipinda. Katikati limeinuka sentimita 8 kuliko kingo, na lote linalalia nyuma kidogo. Paa la bapa ni kidimbwi kinachosubiri mvua, na sielewi kwa nini bado yanauzwa.

Juu ya plaiwudi nimelaza kitambaa cha faibaglasi na kukilowesha kwa epoksi, ile rezini ya majimaji inayochanganywa na kigumishi chake ikaganda. Hapa ndipo penye faida ya kazi yote: kitambaa cha paa hakikukatwa ukingoni, kimepinda kona na kushuka ubavuni sentimita 12, kikalalia kitambaa cha ukuta. Kile cha mbele nacho kimelaliwa na cha paa, ili upepo wa barabarani ukute kipimo kikubwa kuliko zile sentimita 5 zake. Ukanda wa alumini wa kona, wenye skrubu zake na utepe wake, haumo kabisa. Hauna kazi.

Anayetaka kufuata njia hii asibadilishe epoksi kwa rezini rahisi ya poliesta kwa sababu ya bei. Poliesta ina stairini, na stairini huyeyusha povu la polistirini: ukimwaga pembeni unaangalia ukuta ukizama mbele ya macho. Epoksi nayo ina masharti. Haipendi baridi. Chini ya nyuzi 10 inasinzia na kukaa tepetepe, ndiyo maana kazi ya rezini niliifanya kiangazi chote na kazi ya ndani nikaiachia majira ya baridi. Ikikauka huweza kutoa jasho la utelezi juu, ambalo lazima lioshwe kwa maji kabla ya mkono wa pili. Na jua huiua, hivyo bila rangi juu yake umefanya kazi bure. Kingo za plaiwudi zinywe epoksi mpaka zikatae, kwa kuwa mbao hunywa kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Seremala yeyote analijua hilo, na cha ajabu ni kingo ngapi nimezikuta kavu kama zilivyotoka kwenye msumeno.

Matundu sasa. Paani kuna moja, la feni, inchi 14 kwa inchi 14 kama feni zote za huku. Halikukatwa likaachwa hivyo. Limezungushiwa kizingiti cha mbao iliyovikwa faibaglasi pamoja na paa, kimeinuka, na feni imekaa juu ya kizingiti. Maji yakitaka kuingia itabidi yapande. Kiyoyozi cha paani nilikikataa. Ni mzigo wa kilo 40 hivi unaoruka kila penye shimo barabarani, ukikalia sponji juu ya tundu. Paneli za sola zimekaa kwenye reli zilizobandikwa kwa gundi ya poliyurethani bila skrubu hata moja. Waya wake hauingilii paani, unashuka nje ya ukuta wa nyuma ndani ya bomba dogo na kuingilia chini ya sakafu, kwa kutokea chini kwenda juu.

Palipokuwa hapana budi kutoboa, nilifuata desturi ya mafundi wa boti za kisasa. Unatoboa tundu kubwa kuliko unalolihitaji, unalijaza epoksi nzito, ikikauka unatoboa tena katikati yake tundu la skrubu. Gasketi ikishindwa siku moja, maji yatakutana na kuta za epoksi na kukosa mbao ya kunywa. Boliti zinazoshika sakafu kwenye chasisi zote nilizifanya hivyo, zikaniletea uchovu wa mgongo ambao bado naukumbuka. Sakafu upande wa chini inapigwa na maji ya magurudumu kuliko paa linavyopigwa na mvua, na majira ya baridi maji hayo yana chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Watu wanapanda kukagua paa kila mwaka, na chini hawajalala hata mara moja.

Madirisha yanahitaji subira. Unazungusha utepe wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonata usiokauka, kwenye mdomo wa fremu, unasukuma dirisha mahali pake, unakaza skrubu kidogo kidogo kwa kuzunguka. Kisha unaacha. Butili hutiririka taratibu, kesho yake skrubu zinakubali tena nusu mzunguko, na keshokutwa tena. Kilichojitokeza unakikata kwa kipande cha plastiki, usitumie kisu cha chuma. Juu ya kila dirisha nimebandika kijiupenu cha kupitisha maji pembeni. Chini ya fremu ya dirisha la kuteleza kuna vitundu viwili vidogo. Visizibwe! Mfereji wa dirisha umeumbwa kupokea maji na kuyatoa nje kwa vitundu hivyo. Nimefungua kuta zilizooza chini ya dirisha, na chanzo kilikuwa ni mtu makini aliyeona vitundu akaviziba kwa silikoni. Mfereji ukajaa, maji yakapanda, yakamwagikia ndani.

Na silikoni yenyewe, ile inayonuka siki. Siichukii, bafuni na kwenye kioo cha samaki iko kwake. Juu ya trela ni msiba, kwa sababu ikizeeka hakuna kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya. Fundi anayekuja baada yako atakwangua saa nzima kwa ajili ya ukanda wa urefu wa mkono, na alama yake isiyoonekana itaendelea kufukuza gundi. Kwenye maungio yanayobanwa natumia butili. Kwenye yanayocheza, poliyurethani. Kwenye paa la mpira la kiwandani, ile gundi inayojilaza yenyewe, ila uipake pale tu palipo bapa, maana ukutani itajilaza mpaka chini. Paa la mpira wa EPDM lisioshwe kwa petroli wala mafuta ya taa, linavimba. Kabla ya gundi yoyote, spiriti na kitambaa safi, mara mbili. Gundi ya bei nafuu juu ya sehemu safi inaishinda ya bei kubwa juu ya vumbi.

Kuna maji mengine ambayo hayatoki nje. Majira ya baridi ya kwanza nililala na mke wangu kwenye trela ileile nzima, kavu, iliyozibwa kila mahali, tukaamka kuta za nyuma ya godoro zina matone. Ni pumzi zetu, na ni jiko. Kilo moja ya gesi ya propani ikiungua hutoa kilo 1.6 za maji kama mvuke. Ukichemsha chai na kujipasha moto kwa jiko la wazi unajinyeshea mwenyewe, mbali na hatari ya hewa ya sumu ambayo huua watu usingizini. Hita yangu huvuta hewa nje na kutolea moshi nje. Feni inabaki wazi upana wa vidole viwili usiku kucha hata theluji ikianguka, na godoro limelazwa juu ya chaga za mbao ili hewa ipite chini yake. King'ora cha hewa ya sumu kipo karibu na kitanda, na hilo si la kujadiliana na mtu anayebana matumizi.

Juu ya uzito nitasema machache. Anayeogopa kuvuja hujenga kwa unene, na unene ni kilo. Trela inataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikalie ndoano ya gari. Ikipungua hapo, mkia unaanza kuyumba kwenye mteremko na gari linafuata. Tangi la maji liwekwe karibu na ekseli, na upimwe mzigo ukiwa kamili, na vyombo ndani.

Kupima uvujaji nako kuna ujanja wake. Bomba la maji husaidia ukianzia chini na kupanda taratibu. Ukianzia paani utalowesha kila kitu bila kujua lililoingiza ni lipi. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha hewa. Unafunga madirisha, unaziba mabomba ya kumwagia maji machafu, unaweka feni ya kusukumia hewa ndani mpaka trela ivimbe kidogo, halafu unapaka povu la sabuni nje kwenye kila maungio. Penye tundu panachemka mapovu. Mashine za kazi hiyo zipo gereji, na unalipia kipimo mara moja. Nyumbani nina kipimo cha unyevu cha sindano mbili, cha bei ya viatu vya kawaida. Mbao ikisoma chini ya asilimia 15 nakwenda zangu kulala. Ikikaribia 20 natafuta chanzo, kwa kuwa kuvu wa kuoza wanastawi kuanzia hapo kwenda juu. Masika na kabla ya baridi ninapima sehemu zilezile, kona ya nyuma kushoto kwanza, na kuandika namba. Namba inayopanda ndiyo ya kuogopa, hata ikiwa bado ndogo.

Tumeipeleka kwenye mchanga wa ziwa Michigan, kule Indiana Dunes, na juu zaidi kaskazini mwa Michigan ambako mvua ikianza haijui kuaga. Rangi imechubuka mbele kwa kokoto, na mpira wa mlango umeshabadilishwa. Mpira wa mlango ni kitu cha kuisha, wengi huung'ang'ania kwa sababu bado unaonekana mzima. Ubane noti kwenye mlango uliofungwa, uivute. Ikitoka bila kukataa, nunua mpira mwingine.

Mtoto wa mjomba, Arusha, anataka kujenga za kukodisha kwa watalii, na amekuwa akinipigia simu usiku wake ambao ni mchana wangu. Kwake hakuna barafu, kuna jua la mwaka mzima na njia za kokoto zenye mawimbi zinazolegeza kila nati. Kuna na vumbi, na vumbi ni mpelelezi mzuri: palipoingiza vumbi kiangazi pataingiza maji masika. Nyuma ya trela inayokimbia hewa huwa hafifu na kunyonya, hivyo vumbi huingilia mlango wa nyuma hata kama mbele ni safi. Dawa yake ni kidirisha cha hewa chenye kichujio juu ya ukuta wa mbele, kinachokusanya upepo wa mwendo na kuitia trela pumzi, ili kwenye nyufa hewa iwe inatoka badala ya kuingia. Nimemwambia pia asichanganye skrubu za chuma cha kawaida na alumini, hasa akipata wateja wa kwenda pwani, maana kwenye hewa ya chumvi metali hizo mbili zinalana.

Tumekubaliana juu ya mengi isipokuwa jiko. Ameona picha za zile trela ndogo zenye umbo la tone, ambazo mafundi wa nyumbani wa Marekani walizijenga sana baada ya vita vya pili, urefu wake ukiwa sawa na karatasi moja ya plaiwudi, futi 8. Jiko liko nyuma, chini ya mlango mkubwa unaofunguka kwenda juu, mtalii anakatia nyanya kivulini. Picha ni nzuri kweli. Ila bawaba ya mlango huo iko juu kabisa, imekata mkondo wa maji yote ya paa, na vumbi lote liko nyuma. Namwambia jiko alitolee ubavuni, kwenye droo ya kuvuta. Yeye anasema wateja wanataka ile ya kwenye picha. Wiki iliyopita kanitumia mchoro mwingine: mlango bado uko nyuma, lakini paa sasa limeurukia sentimita 15 na bawaba imehamia chini yake. Hiyo huenda ikafaa. Nimemwomba ajenge hicho kipande cha nyuma peke yake kwanza, akifunge kwenye pikapu ya rafiki yake, aende nacho mpaka Ziwa Natron na kurudi, kabla hajanunua hata karatasi moja ya plaiwudi ya trela yenyewe.